Mbwa abaki na nani mchana nikiwa kazini Kampala?

Binti wa Naalya

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Naalya na ofisi yangu iko Nakasero, na kwa sababu ya msongamano wa magari hulazimika kutoka nyumbani saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 1:00 jioni, au hata saa 2:00 usiku siku za mvua. Nina mbwa jike wa miezi saba ninayemwita Tatu, kwa kuwa alikuwa wa tatu kuzaliwa katika uzao wao. Mama yake ni mbwa wa kienyeji, na baba yake ana damu ya German Shepherd. Hadi mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa akishinda naye, lakini sasa amerudi chuoni Mbarara, na Tatu hubaki peke yake uani kwa zaidi ya saa kumi na mbili.

Majirani waliniambia kwanza kwa upole, sasa wananiambia kwa ukali, kwamba analia mchana kutwa. Nikirudi nakuta amekwangua rangi ya mlango wa jikoni kwa kucha, na posho (ugali) yenye mukene (dagaa) niliyomwachia asubuhi iko vilevile, imekauka juu na kufanya utando. Huila usiku, tena baada ya mimi kuketi karibu naye.

Nimepata njia tatu. Askari wa geti letu yuko tayari kumwangalia kwa malipo kidogo, ila amesema wazi kwamba atamfunga mnyororo. Upande wa Bukoto, ambako ni njiani kwangu, kuna kituo kinachopokea mbwa asubuhi na kuwarudisha kwa wenyewe jioni. Wamenitumia picha nzuri kwenye simu lakini sijaingia ndani. Halafu kuna mama mmoja mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Jjajja, yaani bibi. Ana ua mpana wenye mwembe na mbwa dume mzee, na amesema nimpelekee Tatu wakati wowote. Moyo wangu unaelekea kwenye kituo kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao, lakini naogopa kumwacha kiumbe asiyeweza kunisimulia jioni alivyoshinda. Ninyi mliokwisha kupita njia hii, mliangalia nini kabla ya kuamua?

Mama wa Entebbe

Pole sana, dada. Nitakueleza yaliyonipata mimi, kwa sababu nilichagua nikiwa na mawazo kama yako, kwamba watu wanaofanya kazi hiyo kila siku lazima wawe wanaijua kuliko jirani.

Mbwa wangu wa kiume alikuwa akienda kwenye kituo fulani siku tatu kwa wiki. Nilikuwa nimekitembelea mara moja tu kabla ya kumpeleka, Jumamosi saa nne asubuhi, kwa miadi. Kila kitu kiling'aa, sakafu ilikuwa bado na unyevu wa maji ya sabuni, na nikaandikiwa risiti. Baada ya wiki mbili alianza kikohozi kikavu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Hicho kilipona. Lakini mwezi wa pili, usiku mmoja nilipokuwa nikifunga madirisha, nilikanyaga kitu chenye utelezi sebuleni, na nilipowasha taa nikaona matone ya damu kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wake. Damu ilikuwa ikitoka puani. Daktari alipomtandaza vidole vya miguu alitoa kupe saba katikati ya vidole, mahali ambapo mimi sikuwahi kuangalia hata siku moja. Ulikuwa ugonjwa unaoletwa na kupe, na alimeza dawa ya kuua bakteria, doksisaiklini, kwa siku 28. Alipona, Mungu ashukuriwe.

Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyake nilifika saa saba mchana bila kutoa taarifa, na hapo ndipo nilipokiona kituo chenyewe kwa mara ya kwanza. Nilihesabu mbwa kumi na saba na kijana mmoja aliyeshika mpira wa maji. Wakubwa na wadogo walikuwa pamoja, mabeseni ya maji yalikuwa mawili kwa wote, na mbwa mdogo mweupe alikuwa amejibanza nyuma ya pipa akitetemeka huku wengine wakimzunguka. Yule kijana hakuwa mtu mbaya; alikuwa amechoka, na hakuna binadamu anayeweza kuwatazama mbwa kumi na saba kwa macho mawili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uende saa hiyohiyo, saa sita au saa saba, jua likiwa utosini. Usiangalie jengo bali waangalie mbwa waliomo. Mbwa mwenye amani hulala sehemu kubwa ya mchana, kwa hiyo ukikuta wametawanyika kivulini, mmoja akiinua kichwa kukutazama kisha akikilaza tena, hiyo ni dalili njema kuliko picha za mbwa wanaoruka. Ukiwakuta wote wanazunguka kando ya uzio na kubweka bila kikomo, ujue hawapumziki, hata kama mwenye kituo atakwambia kwamba wanafurahi.

Jambo lingine ambalo ningetaka ulishike ni maswali watakayokuuliza wao. Mimi sikuulizwa kadi ya chanjo, nikafurahi kwamba mambo yamekwenda haraka. Sikufikiri kwamba kama wangu alipokewa bila kadi, basi na wale wengine kumi na sita walipokewa hivyohivyo.

Daktari wa mifugo, Mukono

Mama wa Entebbe amesema jambo la msingi, nami naongeza ya kitaalamu, nikianza na swali ambalo naona halijaulizwa. Je, Tatu amekwisha kufungwa kizazi? Jike huingia kwenye joto kwa mara ya kwanza kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na hali hiyo huendelea kwa wiki tatu hivi. Yeye ana miezi saba. Ukimweka mahali penye madume, iwe ni Bukoto au chini ya mwembe wa Jjajja, utapata mimba usiyoitaka kabla hujatambua kwamba ameanza kutoa damu, na umri wa dume hauzuii chochote. Kituo makini kitakuuliza hilo siku ya kwanza na kitakataa kumpokea jike aliye kwenye joto.

Kuhusu chanjo, ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa wiki 12 na katika nchi yetu hurudiwa kila mwaka. Naomba mtu asiichukulie kuwa ni karatasi ya kuonyesha tu. Ugonjwa huu bado unaua watu Uganda, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Kituo chochote unachokifikiria, waulize mbwa akimng'ata mfanyakazi wanafanya nini. Jibu sahihi ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kumpeleka mtu huyo kituo cha afya siku hiyohiyo, na kumweka mbwa chini ya uangalizi kwa siku kumi. Wakianza kutafuta maneno, ondoka.

Zaidi ya hiyo kuna chanjo ya mchanganyiko, ambayo watoto wa mbwa huanza kuipata wakiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wafikishe wiki 16. Hiyo hukinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, na aghalabu leptospira, ambayo huenezwa na mkojo wa panya na humpata binadamu pia. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Vinahitaji jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa uchafu. Kwa hiyo ukifika kituoni uliza wanaosha sakafu kwa dawa gani, kisha angalia maji hayo yanaelekea wapi. Sakafu ya saruji isiyo na mteremko hutuama mkojo kwenye pembe, na harufu yake utaipata kabla hujaonyeshwa chochote. Kikohozi alichokipata mbwa wa Mama wa Entebbe huenea kwa hewa na kwa mabeseni ya pamoja, na dalili huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kujitokeza, kwa hiyo mbwa anaweza kuonekana mzima siku aliyokiingiza.

Kupe kwetu hawana msimu wa kupumzika, kwa kuwa hatuna baridi ya kuwapunguza. Yule kupe wa kahawia anayependa mbwa anaweza kuzaliana ndani ya nyufa za ukuta wa banda, si kwenye majani peke yake, kwa hiyo kumwogesha mbwa dawa na kuliacha banda bila kunyunyiziwa ni kazi bure. Kila jioni mpapase Tatu ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Ni kazi ya dakika tano, na hakuna kituo kitakachokufanyia kwa uangalifu ulio nao wewe.

Mwisho, joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema hakusaidii kitu ndani ya kibanda cha mabati saa saba mchana. Ingiza mkono wako mwenyewe ndani ya banda la kulalia saa hiyo. Kama unashindwa kuuacha humo kwa dakika chache, mbwa wako ataushindaje mchana?

Nakushauri pia umrekodi Tatu siku moja kabla ya kuamua lolote. Weka simu ya zamani mahali asipoifikia, uiache iendelee kwa saa moja tangu unapofunga geti. Mbwa aliyechoshwa na upweke hukaa kimya kwanza, halafu hutafuta cha kutafuna. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza kulia ndani ya nusu saa ya kwanza, hukwangua mlango ule uliotokea wewe, na hakubali kula akiwa peke yake. Kwa ulivyoeleza nashuku hili la pili, na mbwa wa namna hiyo hatatulizwa na wingi wa mbwa wenzake. Anachohitaji ni mtu.

Mzee wa Makindye

Binti yangu, nimefuga mbwa tangu nikiwa kijana na nataka kusema neno juu ya askari, kwa sababu naona wenzangu wamempita kimya.

Hapa mjini wengi wetu tulilelewa na desturi ya kumfungia mbwa bandani mchana na kumfungulia usiku alinde. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, wala sikujiona mkatili. Kilichonibadilisha ni siku niliyoumwa malaria nikashinda nyumbani, nimeketi dirishani. Asubuhi mbwa wangu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji, akiwa kivulini, na beseni lake likiwa kivulini. Kufikia saa tano kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa ukuta, na mnyororo haukufika huko. Alikuwa amenyoosha shingo mpaka mwisho wa mnyororo, pua yake ikiwa kwenye mstari wa kivuli na mwili mzima ukiwa juani, huku maji kwenye beseni yakiwa ya kuunguza ulimi. Askari alikuwa hatua ishirini kutoka hapo, geti likigongwa kila mara. Nilikuwa nikimlipa aangalie geti, naye alikuwa akiliangalia.

Kwa hiyo simlaumu askari, ila namwona kuwa ni mtu mwenye kazi nyingine. Hata akikuahidi kumfungua, siku moja gari litaingia, geti litakuwa wazi, na barabara za huko kwenu zimejaa boda boda. Tena mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa huanza kuwachukia watu wanaopita mbele yake, na jike wako bado yumo katika umri wa kujifunza.

Upande wa Jjajja mimi ningeupa uzito zaidi. Amestaafu, yuko nyumbani, na sauti yake itasikika uani siku nzima. Lakini usimwachie mbwa kwa shukrani tupu. Mlipe, hata akikataa mara ya kwanza, kwa sababu mtu anayelipwa unaweza kumwomba abadilishe jambo bila kumvunjia heshima, na mtu anayekusaidia bure huwezi kumwambia kitu. Kisha muulize, kwa adabu, siku za Jumapili na za mazishi mbwa anabaki na nani, kwa maana wazee wetu huitwa huku na huku.

Daktari wa mifugo, Mukono

Nakubaliana na Mzee kabisa, na naongeza moja kuhusu chakula. Nyumba ya mama mkarimu ina makombo mengi. Mwombe asimpe Tatu mchuzi wala katogo (matoke yaliyochanganywa na mboga au nyama) iliyopikwa kwa vitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Muulize pia kama anaweka sumu ya panya, na anaiweka wapi.

Binti wa Naalya

Asanteni sana wazee wangu na dada yangu wa Entebbe. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya mliyoniambia.

Nilimrekodi Tatu siku ya Jumanne, simu ikiwa juu ya rafu ya viatu. Nilipoitazama usiku sikuweza kumaliza. Nilipofunga geti alikimbia akalala kifudifudi, akaingiza pua kwenye ule mwanya ulio chini ya geti, na akabaki hapo. Kilio kilianza dakika ya sita. Kila pikipiki ilipopita alinyamaza na kutikisa mkia, kisha ilipopitiliza akaanza upya. Bakuli la chakula lilikuwa nyuma yake hatua mbili na hakuligeukia hata mara moja.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda Bukoto saa saba bila kuwaarifu. Kusema haki, si mahali pabaya. Waliniomba kadi ya chanjo kabla ya kunifungulia, wakaniuliza kuhusu joto, na wadogo wametengwa na wakubwa. Walikuwa mbwa tisa na wahudumu wawili. Ila mabanda ya kulalia yamefunikwa kwa mabati matupu, na nilipoingiza mkono niliutoa haraka. Nilipomweleza mama anayesimamia kuhusu kile kilio cha getini, aliniambia kwa uaminifu kwamba mbwa wa namna hiyo kwao huchukua wiki nyingi kuzoea, na kwamba wengine hawazoei. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli ambao haukumletea faida.

Tatu hajafungwa kizazi, Daktari, na nakiri kwamba sikuwa nimelifikiria. Jjajja amekubali malipo ya shilingi 10,000 kwa siku baada ya kukataa mara mbili, na Jumapili atanirudishia mbwa kwa kuwa mimi nipo. Sumu ya panya alikuwa ameiweka chini ya kabati la jikoni, na ameiondoa mbele yangu. Linalonisumbua ni kwamba mbwa wake mzee hana kadi yoyote. Anasema alichomwa sindano zamani, mwaka hakumbuki.

Daktari wa mifugo, Mukono

Umefanya vizuri, binti. Mbwa asiye na kadi mhesabu kuwa hana chanjo. Usingoje kampeni za Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tarehe 28 Septemba; mpeleke wiki hii, na Tatu hatakiwi kuanza kushinda naye siku hiyohiyo, kwa kuwa kinga huhitaji muda kujengeka mwilini, kama wiki nne baada ya sindano ya kwanza. Ukifika kwa daktari panga papo hapo tarehe ya kumfunga Tatu kizazi. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere hufanya yote mawili, na madaktari wengi binafsi mjini pia.

Tumia wiki hizo nne kwa mazoezi. Jjajja aje kwako jioni, aketi, ampe Tatu chakula kwa mkono wake wakati wewe upo, kisha wewe utoke dakika mbili, kesho yake dakika tano, na urudi kabla hajaanza kulia. Usimuage kwa maneno mengi wala usimkumbatie mlangoni. Siku atakapokula kutoka mkononi mwa Jjajja wewe ukiwa nje ya geti, hapo ndipo utakapokuwa umepata mahali pa kumwacha. Kwa wiki hizo za katikati, kama unaweza, mlipe Jjajja aje kushinda uani kwako badala ya Tatu kwenda kwake, hata kama ni kwa saa chache tu za mchana.

Binti wa Naalya

Nimekusikia, Daktari. Nimekwisha kupanga na dereva mwenye gari, kwa kuwa mbwa wawili hawatoshi kwenye boda. Tutaondoka Jumamosi saa 2:00 asubuhi, mbwa mzee akiwa kiti cha nyuma na Jjajja, na Tatu akiwa mbele miguuni pangu. Jjajja ameninong'oneza kwamba mbwa wake hajawahi kuvaa kamba tangu azaliwe, na tangu jana anamzoesha kuzunguka mwembe akiwa amefungwa mkanda wa zamani wa marehemu mumewe. Leo asubuhi nilipopita nikienda kazini walikuwa mzunguko wa pili, naye Jjajja alikuwa na kipande cha nyama mkononi.